Kanisa Lilipofunguliwa, Sisi Tulibaki Nje

Jumatatu tarehe 6 Julai 2020 sisi wazee tuliketi karibu na redio zetu tukingoja neno moja. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akilihutubia taifa. Alisema amri ya kutoingia wala kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera ingefika mwisho saa kumi alfajiri ya siku iliyofuata. Watoto wetu walikuwa wamekwama Nairobi tangu tarehe 6 Aprili, kwa hiyo wapo kati yetu waliopiga vigelegele peke yao sebuleni. Kisha akafika kwenye nyumba za ibada. Zingefunguliwa. Vigelegele vikaongezeka. Havikuwa vimeisha tulipoanza kusikia masharti: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasihudhurie watoto walio chini ya miaka 13, wala watu waliozidi miaka 58, wala wenye maradhi ya kudumu.

Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alinyoosha mkono akazima redio. Akamwambia mkewe, "Mama, kanisa limefunguliwa. Sisi tumefungiwa."

Tunaoandika haya ni wazee kumi na wanne wa kanisa moja pembezoni mwa mji wa Nakuru. Mkubwa wetu ana miaka 86, mdogo wetu ana 61. Tumeombwa tuandike juu ya imani wakati wa korona, na tunajua lililotarajiwa: tusimulie jinsi Bwana alivyotuvusha, tushukuru, tuketi. Alituvusha kweli, na tunamshukuru. Lakini tuna neno na kanisa letu, na tusipolisema sasa litazikwa pamoja nasi. Masharti yalipowekwa mlituondoa mkisema mnatulinda. Yalipolegezwa mkafungua bila sisi. Yalipoondolewa kabisa mkaendelea na safari kana kwamba tulishafika mwisho wa yetu. Na mara zote tatu hakuna aliyekuja kutuuliza.

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki kuikana korona. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, sisi ndio tuliotangulia kutundika vibuyu chirizi mbele ya nyumba zetu, kwa sababu sisi ndio tunaokumbuka miaka ya kipindupindu. Tunajua ugonjwa ule uliwachagua wenye umri wetu kuliko vijana. Tumewazika. Anayetaka kutumia maneno yetu kusema barakoa ilikuwa upuuzi na chanjo ilikuwa njama, na atafute wazee wengine.

Serikali nayo hatuilaumu sana. Ilikuwa na nchi nzima ya kuangalia, na siku zile hakuna aliyejua kesho ingeleta nini. Mwongozo wa ibada ulitoka kwa baraza la viongozi wa dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria, na tunaamini walikaa wakapima. Rais mwenyewe alikuwa na miaka 58 siku ile ya hotuba. Oktoba ilipofika akatimiza 59 akawa mwenzetu. Tulimkaribisha kimoyomoyo.

Tunalilaumu kanisa letu kwa namna lilivyoipokea ile namba. Ilisomwa mimbarini kama aya, ikabandikwa mlangoni, na hakuna aliyesimama kusema kwamba namba hii ina watu ndani yake. Katika baraza la wazee wa kanisa letu, waliokuwa hawajapita miaka 58 walikuwa wanne. Waliobaki, yaani wale waliobeba mawe ya jengo hili mgongoni na kuuza mbuzi ili mabati yanunuliwe, walitumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba wakae nyumbani hadi watakapoarifiwa. Wengine wetu hatuna WhatsApp. Tuna simu za mulika mwizi. Tulipata habari tukiwa getini, tumevaa suti, Biblia mkononi.

Mama mmoja wa kundi letu alisimamishwa na kijana mwenye kipima joto, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha katika shule ya Jumapili. "Shosho, samahani. Nimeambiwa niangalie kitambulisho." Akampa. Kijana akausoma mwaka wa kuzaliwa kwa sauti, pengine bila kukusudia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mama huyo anasema alijihisi kama mtu aliyeshikwa na sukari ya duka ndani ya kikapu. Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita mbili, na hakumwambia mwanawe yeyote. Sisi tulijua baada ya miezi minane.

Na mwezi uleule, wale wetu waliotimiza miaka 70 walikwenda kuchukua pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi. Foleni ilizunguka jengo. Benki nayo ilitaka kitambulisho, lakini ilikitaka ili itulipe. Sokoni tulinunua sukuma wiki bega kwa bega na watu tusiowajua. Matatu ilitubeba, imepunguza abiria na kupandisha nauli. Mikutano ya siasa ikarudi, ikajaa watu wa kila umri, hadi Rais akaisimamisha kwa siku 60 tarehe 4 Novemba mwaka huo. Kwa ufupi, tulikuwa huru kuambukizwa korona popote tulipotaka isipokuwa mahali tulipobatizwa.

Kuna methali inayosema mgonjwa haulizwi uji. Tumeisikia sana tangu wakati ule, imesemwa na watu wema wanaotupenda. Jibu letu ni fupi: hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa na umri. Mtu mwenye miaka 72 ambaye amelea watoto saba, amezika mke, amelipa madeni na kuamua mambo ya ukoo, anaweza kuulizwa anaonaje.

Na kama mngeuliza, mngeshangaa, kwa maana hatukuwa na jibu moja. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu wazee: wanadhani tunafikiri kwa pamoja kama kondoo wanaovuka barabara. Tulipoanza kukutana chini ya mparachichi wa mmoja wetu, viti vimeachana, tulibishana hadi mwenye nyumba akaleta chai ili tunyamaze.

Alikuwapo dereva mstaafu wa malori aliyesema korona ikimtaka itamkuta, na ni heri imkute anaimba kuliko imkute anatazama dari. Alikuwapo mama mwenye kisukari na shinikizo la damu aliyesema yeye hataki kanisa lifunguliwe hata kidogo, si kwa vijana wala kwa wazee, kwa sababu vijana wanaoabudu Jumapili ndio wanaoleta maziwa nyumbani kwake Jumatatu. Alitukumbusha jambo tulilokuwa tumelisahau kwa sababu ya hasira zetu: mzee anayefungiwa ndani hajalindwa ikiwa kila anayemletea chakula ametoka kwenye mkusanyiko. Alikuwapo mzee aliyekiri, huku akitazama chini, kwamba miezi ile ya kukaa nyumbani ilimpumzisha. Hakuna kamati, hakuna harambee, hakuna kuombwa kila juma. Alisali na mkewe asubuhi na jioni, wakasoma Injili yote ya Yohana kwa zamu, na hakuwa na haraka ya kurudi. Tulimcheka. Kisha wawili wengine wakasema hata wao.

Na alikuwapo mmoja, hatutamtaja, aliyepaka kanta nywele na masharubu Jumamosi usiku, akapita getini Jumapili akiwa kijana wa miaka 50. Aliketi kiti cha nyuma ibada nzima, akiogopa jasho lisimchuruzishe rangi shingoni. Anasema hakusikia neno hata moja la mahubiri, ila alipofunga macho wakati wa sala ya mwisho alilia. Baadaye mwaka huohuo mpaka ulipopandishwa hadi miaka 65, na dakika 60 za ibada zikawa 90, alikuwa na miaka 66. Huyo hakuwa na bahati kabisa.

Tunasimulia haya ili muone kwamba hofu ya mzee si kitu kimoja, na hamu yake si kitu kimoja. Wapo walioogopa kufa. Wapo walioogopa zaidi kufa bila ya kushiriki Meza ya Bwana tena. Wapo waliokuwa na hofu zote mbili kwa siku moja, asubuhi hii na jioni ile. Namba haiwezi kuyabeba haya. Mchungaji anayetembelea watu wake anaweza.

Sasa tuseme la sadaka, maana tukilinyamazia tutakuwa wanafiki. Mlango ulipofungwa kwetu, namba ya paybill ilibaki wazi. Juma la kwanza tulitumiwa ujumbe wa kutukumbusha zaka. Juma la pili tukatumiwa tena, na maelezo ya hatua kwa hatua kwa wale wasiojua kutuma. Ilikuwa mara ya kwanza kanisa kutuma kijana nyumba hadi nyumba kwa wazee tangu Machi: alikuja kutufundisha kulipa kwa M-Pesa. Alikuwa kijana mwenye adabu, alisimama mbali, alivaa barakoa. Tulitoa. Tunajua umeme hulipwa na walinzi hula. Lakini tuliuliza kimyakimya, na leo tunauliza kwa sauti: kama kulikuwa na njia salama ya kuifikia mifuko yetu, ilikosekanaje njia salama ya kutufikia sisi?

Mtasema kulikuwa na ibada za YouTube. Zilikuwapo. Kwa mwenye simu ya maana na mwenye bando, zilikuwa baraka, na wagonjwa waliolala kitandani miaka mingi walisikia ibada ya kanisa lao kwa mara ya kwanza. Hilo tunalisifu bila kinyongo. Lakini ibada ile ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa vijana wanaoendesha kamera ndio waliopanga. Mzee wetu wa miaka 86 aliwekewa simu mezani na mjukuu, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, akatazama dakika kumi. Akauliza, "Huyu ni mchungaji wetu?" Mjukuu akasema ndiye. "Mbona haniangalii?"

Tulipokuwa tukisubiri mparachichini, tulisoma tena sura ya pili ya Injili ya Luka. Tunaomba kila msomaji aifungue aisome akiwa na kanuni ile ya Julai 2020 mkononi. Yosefu na Mariamu wanamleta mtoto hekaluni. Mtoto ana siku arobaini, kanuni inamkataza. Anayempokea mikononi ni Simeoni, mtu aliyekuwa akisubiri hilo moja tu kabla ya kufa, na kanisa tangu zamani limemhesabu kuwa mzee, kanuni inamkataza. Anayefuata ni nabii Ana, mjane, na Luka anautaja umri wake, 84, wala hautaji kama kasoro. Mama huyo hakuwa akitoka hekaluni usiku wala mchana. Kanuni inamkataza. Geuza ukurasa: kijana Yesu yuko hekaluni kati ya walimu, ana miaka kumi na miwili. Mwaka mmoja mdogo mno. Kanuni hiyo ingebakisha makuhani, na wanaobadilisha fedha.

Hatusemi kwamba Luka aliandika mwongozo wa kuzuia magonjwa. Mambo ya Walawi, ambayo yana mwongozo wa kuzuia magonjwa, yanaamuru mwenye ukoma akae nje ya kambi, na hatulipuuzi. Lakini hata huko, someni vizuri sura ya 14. Mgonjwa akipona, ni kuhani anayetoka kwenda kumtazama nje ya kambi. Kuhani ndiye anayetembea. Sisi tulikaa nje ya kambi tukiwa wazima, na njia ya kuja kwetu ikaota nyasi.

Mtu mmoja mzuri wa kamati ya afya ya kanisa, muuguzi, alipoona tunaandika haya alikuja kubishana nasi, na tunamheshimu kwa kuja. Alisema, "Wazee wangu, kama tungewaruhusu mkaja mkafa ishirini, leo mngeandika nini?" Swali hilo ni zito. Tulilitafakari siku kadhaa. Jibu letu ni kwamba hatukudai kuruhusiwa tu. Yapo mengi kati ya kufungua mlango wazi na kuufunga. Tunakaa Nakuru, mahali ambapo mtu anaweza kuketi nje saa za asubuhi karibu mwaka mzima. Uwanja wa kanisa una miti ya jakaranda. Viti vya plastiki vipo vya kukodisha. Ibada ya wazee siku ya Jumatano, saa nne, nje, nusu saa, watu ishirini, kila mtu na nafasi yake: nani angeumia? Kama kanuni haikuruhusu hata hilo, kwa nini wachungaji wetu hawakurudi kwa waliotunga kanuni wakawaombea wazee wao, kama walivyoomba kuongezewa dakika? Na yule mama mwenye kisukari, ambaye hakutaka kutoka kabisa, alihitaji mtu mmoja tu, aliyevaa barakoa, asimame mlangoni pake amsomee Zaburi.

Na ilifanyika, kwingine. Mchungaji kijana wa kanisa la jirani, dhehebu jingine, alikuwa akizunguka na baiskeli kila Alhamisi kuwaona wazee wake. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akasoma, akaomba, akaweka mkate na kikombe kidogo kwenye stuli, akarudi nyuma hatua nne, mzee akachukua. Tulikuwa tukimwona akipita kwenye malango yetu. Wawili wetu walimwita. Aliwashirikisha bila kuwauliza kadi ya ushirika, na kama kuna wa kuadhibiwa kwa hilo, basi tuadhibiwe sisi.

Jambo moja bado ni gumu kuandika. Mwenzetu wa kumi na tano alifariki Agosti 2020. Hakufa kwa korona. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akalala wiki tano. Alikuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama kwa miaka mingi. Hakuna mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu ambaye hakumpelekea uji, hakuna msiba ambao hakuwa wa kwanza kufika na sufuria. Katika wiki hizo tano hakuna aliyemtembelea kutoka kanisani, kwa sababu alikuwa mzee na wazee walikuwa wakilindwa. Kaburini walihesabiwa watu. Sisi tuliosali naye tangu tukiwa wasichana tulisimama barabarani, ng'ambo ya ua, tukaimba kwa sauti ya chini. Mwanawe anatuambia kwamba siku za mwisho aliuliza mara nyingi kama kanisa limefunguliwa. Wakamwambia ndiyo, limefunguliwa. Akauliza, "Basi mbona hawaji?"

Mwaka 2021 mambo yaligeuka kwa namna ya kuchekesha. Chanjo ya AstraZeneca ilifika nchini mwanzoni mwa Machi, na kabla ya mwezi kwisha ikaamuliwa kwamba walio na miaka 58 na kuendelea watangulizwe. Namba ileile! Iliyotutoa mwisho kanisani ikatuweka mbele hospitalini. Tulikwenda. Tulipigwa sindano tukaumwa mikono siku mbili, tukajiona mashujaa. Lakini tarehe 26 Machi kaunti tano zilifungwa upya, Nakuru ikiwamo, na ibada za kukutana zikasimamishwa kwa wote. Mtatusamehe tukisema ukweli: tulipumua. Kwa majuma matano, hadi tarehe 1 Mei, kanisa zima lilikaa nyumbani pamoja nasi. Vijana walitupigia simu wakilalamika jinsi inavyouma kukosa ibada. Tuliwafariji. Tulikuwa na uzoefu.

Kisha masharti yakaendelea kulegea. Theluthi moja ya viti, halafu theluthi mbili Oktoba kafyu ilipoondolewa, na tarehe 11 Machi 2022 sharti la barakoa likaondolewa nje na makanisa yakaruhusiwa kujaa kwa waliochanjwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa kama Pasaka. Ngoma, kinanda, watu wakikumbatiana. Kila aliyetuuliza alidhani anajua tunavyojisikia: "Wazee, mmefurahi sasa, sivyo?"

Tulifurahi. Na wapo kati yetu walioogopa kuliko walivyopata kuogopa 2020. Mama yule mwenye kisukari alifika, akaona nyuso zote wazi, kwaya ikiimba kwa nguvu hatua tatu mbele yake, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, akatoka wakati wa wimbo wa pili. Hajarudi. Alipotoka, mshirika mmoja alimtania, "Mama, bado unaogopa korona? Iko wapi imani?" Ndugu yetu, imani haipimwi kwa mapafu. Mwaka 2020 mama huyo aliambiwa upendo ni kubaki nyumbani. Mwaka 2022 anaambiwa kubaki nyumbani ni kukosa imani. Umri wake haukubadilika, sukari yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba ninyi mmechoka. Madirisha yale yana komeo kwa ndani. Kuyafungua ni kazi ya dakika moja.

Hayo yangetosha, lakini kuna ibada ya saa mbili. Kabla ya korona kanisa letu lilikuwa na ibada mbili kila Jumapili. Ya saa mbili asubuhi ilikuwa ya Kiswahili, na nyimbo ziliimbwa kutoka kitabuni, bila ngoma kubwa. Ilikuwa ibada yetu, ingawa haikuandikwa popote kwamba ni yetu. Ya saa nne na nusu ilikuwa ya Kiingereza. Masharti ya 2020 yalipokuja ibada zikapangwa upya. Masharti yameondoka, na ya saa mbili haijarudi. Tumeuliza mara tatu. Mara ya kwanza tuliambiwa inafikiriwa. Mara ya pili tuliambiwa waliokuwa wakihudhuria wamepungua. Mara ya tatu tuliambiwa kwamba saa hiyo sasa ni ya mafundi wa kamera kuandaa mitambo.

Wamepungua, ndiyo. Wengine wako makaburini, na wengine wako nyumbani wakingoja ibada ya kuhudhuria. Mkiifunga ibada kwa kuwa watu hawaji, na watu hawaji kwa kuwa ibada imefungwa, mtahesabu hivyo hadi tuishe, kisha mseme hesabu ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo hatuombi tena kufikiriwa. Tunaitaka ibada ya saa mbili irudishwe, kwa Kiswahili, madirisha wazi, na viti vya mstari wa dirishani viachwe kwa wale wanaotaka nafasi na barakoa zao bila kuchekwa. Tunataka orodha ya wazee wasioweza kutoka isomwe katika kikao cha kanisa kila mwezi, na kando ya kila jina liandikwe jina la aliyekwenda kumwona na tarehe aliyokwenda. Na ikija tauni nyingine, maana tumeishi vya kutosha kujua kwamba huja, tunataka kuulizwa kabla mlango haujafungwa na kabla haujafunguliwa.

Ufunguo wa mlango wa pembeni bado uko kwa mmoja wetu. Alipewa mwaka 1994 akiwa mtunza jengo, na hakuna aliyekumbuka kuudai. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutaufungua mlango saa moja na nusu, tupanguse viti. Dereva mstaafu atampitia mama mwenye kisukari kwa gari. Mchungaji akija tutafurahi sana. Asipoweza, miongoni mwetu wako wazee sita wa kanisa waliowekewa mikono, na vitabu vya nyimbo tunavyo.